Barua ya wazi kwa wanaosimamia tovuti za umma Mombasa: kurasa chambo zimekaa mahali mlipopaacha wazi

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia tovuti za kaunti, mashirika ya umma, vyuo, hospitali na shule za Mombasa. Na kwenu maofisa wa ununuzi mnaotia sahihi kandarasi za tovuti hizo.

Tunawasalimu kwa heshima.

Kijana wa Kisauni anayetaka kufungua kinyozi haanzi na ofisi, anaanza na simu. Anaandika "leseni ya biashara Mombasa ni pesa ngapi", anabonyeza jibu la juu, na mara nyingi anachofungua si ukurasa wa ofisi yoyote. Ni ukurasa wenye kichwa kinachorudia maneno yake neno kwa neno, aya kumi zinazozunguka bila kutaja hata shilingi, matangazo yanayofunika kioo, na chini kabisa kitufe cha "Omba Sasa" kinachotaka jina, nambari ya kitambulisho na malipo ya M-Pesa kwenye till ya mtu. Sisi mafundi wa tovuti na wenye saiba tunaziita kurasa chambo. Kazi yake ni kutokea pale mtu anapotafuta. Kusomwa si hoja.

Tunalotaka kuwaambia ni hili. Kurasa hizi hazishindi kwa werevu wa wanaozitengeneza, maana ukizifungua utaona ni kazi ya ovyo. Zinashinda kwa sababu swali la mwananchi halijajibiwa mahali pengine popote, na kwa sababu majina na seva zilizo chini yenu zimeachwa bila mlinzi, wakazitumia. Hayo mawili yanarekebishika hapa hapa Mombasa, bila kuisubiri Google.

Tuanze na jinsi zinavyotengenezwa. Mtu hufungua jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza anaweka huduma: boza la maji, gari la kunyonya choo, fundi wa mabomba, fundi wa friji, kuhamisha nyumba, kuua kunguni, na nyingine mpaka zifike kumi na mbili. Safu ya pili anaweka mitaa: Tudor, Kizingo, Ganjoni, Makupa, Changamwe, Mikindani, Miritini, Likoni, Mtongwe, Nyali, Kongowea, Bamburi, Shanzu, mpaka arubaini. Programu ndogo inazidisha safu hizo mbili na kutoa kurasa 480, maandishi yale yale, jina la mtaa tu ndilo linalobadilika. Ndiyo maana unaweza kukuta ukurasa unaosifu ufuo mweupe wa Miritini. Aliyeuandika hajawahi kufika huko, au hakuna aliyeuandika kabisa. Chini ya kila ukurasa kuna orodha ya viungo kwenda kwenye kurasa nyingine 479, ili roboti ya Google, programu inayosoma kurasa, ikiingia mmoja izunguke zote. Faili moja ya ramani ya tovuti, orodha ya anwani inayopewa roboti hiyo, inaruhusiwa kubeba anwani 50,000, kwa hiyo 480 ni za mwanafunzi. Zamani kilichowazuia ni uandishi: lazima mtu akae aandike. Sasa programu za lugha huandika maelfu kwa siku, na Kiswahili chake si kibaya tena kama zamani.

Wavuvi wa dema wataelewa mpango huu bila kufundishwa: mdomo mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani, chambo kidogo katikati. Pesa huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni matangazo, yanayolipa kwa kila watazamaji elfu. Ya pili ni udalali: nambari ya simu ni moja kwenye kurasa zote 480, na anayepokea si fundi wa mabomba wa Tudor. Ni dalali anayeliuza ombi lako kwa fundi yeyote atakayelipa, na kamisheni yake inarudi kwenye bei yako. Wengine hata fundi hawana. Wanaomba pesa ya mafuta mbele kisha simu haishikwi. Ya tatu ni kamisheni ya kampuni za kamari na za mikopo ya simu, kwa kila mtu anayejisajili kupitia kiungo chao.

Kuna pia aina inayoiga ofisi za serikali, na hii inauma zaidi mji wa wageni kama huu. Tangu Januari 2024, Kenya ilipoondoa visa na kuleta idhini ya kusafiri ya kielektroniki, eTA, ada ya serikali ikianzia dola 30, zimechipuka tovuti zenye bendera na rangi za taifa zinazojaza fomu ile ile kwa bei ya juu. Mgeni anayeshukia Uwanja wa Ndege wa Moi hajui kwamba anwani ya serikali ya Kenya huishia .go.ke, na kwamba mwisho huo hapewi mtu binafsi. Tiketi za reli ya SGR zina hatari hiyo hiyo, tangu safari zilipoanza mwaka 2017: anayetafuta nauli ya Miritini kwenda Nairobi akiwa na haraka hubonyeza chochote.

Mbona injini ya kutafuta haizitupi? Hutupa, lakini inachelewa, na ina sababu. Google ilipoanza mwaka 1998, msingi wake ulikuwa kuhesabu viungo kama kura: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi nzuri huwa mzuri. Mara tu watu walipojua kura zina thamani, wakaanza kuziuza. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo ya Google kwa siku kadhaa kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa neno la "magari yaliyotumika" ambazo mgeni akizifungua zinamrusha kwingine. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kichwani mwa ukurasa haiitumii kabisa katika kupanga matokeo. (Na bado mstari huo mnaulipia kwenye kandarasi. Futeni.) Yakafuata masahihisho ya Februari 2011 dhidi ya maandishi hafifu, ya Aprili 2012 dhidi ya viungo vya kununua, na ya Machi 2015 yaliyolenga kurasa za aina hii moja kwa moja. Machi 2024 zikaja kanuni tatu mpya: kuzalisha maandishi kwa wingi, kutumia majina ya tovuti yaliyoisha muda, na kukodisha sifa ya tovuti inayoheshimika kwa wageni. Angalieni vizuri: hizo mbili za mwisho zinahusu mali kama zenu.

Lakini hata kanuni zote zikifanya kazi, injini lazima ijibu kitu. Mtu akiuliza kwa Kiswahili kuhusu cheti cha afya cha mpishi wa Mombasa na hakuna ukurasa wa Kiswahili wenye jibu, kibaya kilichopo ndicho kitakachopanda juu. Kwa Kiingereza kurasa hizi hushindana na mamia. Kwa Kiswahili hushindana na ukimya.

Ukimya huo unatengenezwa ofisini. Ada za kaunti zimo kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na sheria hiyo kwa kawaida hupakiwa kama faili moja la PDF la kurasa nyingi, lililopigwa picha kwa skana likiwa limepinda, likaitwa Scan0012.pdf. Anayetumia bando la shilingi ishirini hawezi kulipakua, na akilipakua hawezi kutafuta neno "kinyozi" ndani yake. Hata injini ikifanikiwa kusoma picha hizo, kichwa cha faili hakisemi chochote kinachofanana na swali. Chambo kinashinda kwa kuwa na kichwa tu.

Ukurasa unaokiondoa chambo si mgumu. Huduma moja, ukurasa mmoja, anwani moja isiyobadilika. Kichwa kiwe swali lenyewe: "Leseni ya biashara Mombasa: ada, mahitaji na mahali pa kulipa". Ada ziwe kwenye jedwali la maandishi, si picha, na juu yake mwaka wa Sheria ya Fedha zilikotoka. Kisha mahitaji, ofisi na jengo, saa, siku ngapi za kungoja, nambari ya kuulizia, na tarehe ya mwisho ya kurekebishwa. Nambari ya paybill iandikwe wazi. Ofisi nyingi huificha zikidhani ni usalama, kumbe anayefaidika na nambari isiyojulikana ni yule mwenye till yake mwenyewe. Wengine huandika leseni, wengine kibali, wengine permit. Yatumieni yote matatu ndani ya sentensi za kawaida, mara moja moja inatosha. Kiswahili kiwe na anwani yake na Kiingereza anwani yake, kila mmoja ukiuelekeza mwenzake. Kile kitufe cha kutafsiri ukurasa papo hapo hakisaidii hapa, kwa sababu tafsiri hutokea kwenye simu ya msomaji na roboti haioni Kiswahili chochote. Ukurasa mzima usizidi kilobaiti mia tatu hivi. Picha ya mheshimiwa akikata utepe inaweza kukaa kwenye habari.

Maswali ya kujibu msiyabuni kikaoni. Fungueni Search Console, chombo cha bure cha Google kwa mwenye tovuti, kinachotunza miezi 16 ya maneno ambayo watu waliandika wakaiona tovuti yenu. Pangeni kwa yale yenye maonyesho mengi na mibonyezo michache. Hayo ndiyo maswali ambayo mlitokea bila jibu, mtu akapita akaenda kwa chambo. Anzeni na ishirini.

Sasa upande wa pili, wa milango. Hapa ndipo tungependa mkae nasi kidogo, kwa sababu ndipo fedha za umma zinapowalisha watengeneza chambo bila mtu kujua.

Mlango wa kwanza ni jina lililoachwa. Mradi unakuja na wafadhili, wa mikoko, wa vijana, wa lishe. Unapewa domeni yake, yaani jina la tovuti, inayoishia .com au .org kwa sababu kupata .go.ke kunahitaji barua. Miaka mitatu mradi unaisha, aliyekuwa analipia anahamishwa, domeni inaisha muda. Domeni ya .com ikifutwa na msajili hukaa siku 30 za kukombolewa kwa ada ya juu, kisha siku 5 za kungoja, kisha yeyote anaichukua. Kuna watu wanaokesha wakivizia majina hayo. Wanachonunua ni zile kura: chuo bado kinauelekeza ule mradi, gazeti bado, na tovuti yenu pia bado, kwenye ukurasa wa "Washirika wetu". Wiki hiyo hiyo jina la mradi wa mikoko linakuwa la kamari, na kiungo kinachompa nguvu ni chenu. Dawa ni mbili. Miradi mipya ikae ndani ya domeni kuu ya ofisi, si kwenye jina lake. Na majina ya zamani yaendelee kulipiwa miaka mitano baada ya mradi kufa. Ada ya mwaka haifiki posho ya chai ya mkutano mmoja.

Mlango wa pili ni domeni ndogo inayoning'inia. Ofisi ilifungua huduma kwenye seva za kampuni ya nje, tuseme mfumo wa kuomba basari, ikaweka kwenye DNS, daftari la majina ya tovuti, rekodi ya CNAME inayoelekeza jina la "basari" kwenye akaunti yake huko. Mkataba ukaisha, akaunti ikafutwa, rekodi ikabaki. Baadhi ya kampuni za seva humruhusu mteja mwingine kuchukua jina lile lile la akaunti lililoachwa. Akilichukua, basari yenu ni yake, ikiwa na mwisho wa .go.ke na kila kitu, na hakuvunja neno la siri la mtu. Kila robo mwaka toeni orodha ya rekodi zote za DNS na kuzifungua moja moja. Isiyo na mwenyewe ifutwe siku hiyo. Kanuni ya mafundi: rekodi hufutwa kwanza, akaunti baadaye.

Wa tatu ni vyuo. Mfumo wa masomo ya mtandaoni wa Moodle ukiachwa mtu yeyote ajisajili kwa barua pepe, roboti hujaza maelfu ya wasifu wenye viungo. Zimeni usajili huo, wasifu uonekane kwa aliyeingia tu, futeni akaunti ambazo hazijawahi kufungua somo. Kisanduku cha kutafuta ndani ya tovuti nacho kina kasoro yake: kikiandika kichwani mwa ukurasa chochote mtu alichotafuta, mtu hutengeneza viungo vyenye tangazo lake kama swali, na Google inahifadhi "Matokeo ya: mikopo ya haraka piga nambari hii" chini ya jina la chuo. Kurasa za matokeo zipewe alama ya noindex, inayoiambia Google isizihifadhi, basi.

Wa nne ndio mkubwa: tovuti iliyoingiliwa. Njia za kuingilia ni zile zile. Plagini, yaani programu ya nyongeza, ya WordPress au Joomla, mifumo ya kuendeshea tovuti, isiyosasishwa tangu ilipowekwa. Mandhari (sura ya tovuti) ya kulipiwa iliyopakuliwa bure mahali, ikiwa imeshatiwa sumu. Akaunti ya "admin" yenye neno la siri la jina la ofisi na mwaka. Fomu ya kupakia wasifu wa kazi inayokubali faili la PHP, yaani programu inayoendeshwa na seva. Akishaingia, mvamizi habomoi kitu. Anapanda kurasa elfu kadhaa ndani ya folda zenu na anataka msigundue, kwa hiyo anawaficha ninyi tu. Msimbo wake humwangalia kila mgeni: akiwa roboti ya Google, anaonyeshwa kurasa za kamari, akitoka kwenye matokeo ya Google, anarushwa kwenye tovuti ya kamari, akiandika anwani yenyewe, kama afanyavyo mwenye tovuti kila asubuhi, anaona tovuti nzuri isiyo na doa.

Hii ndiyo sababu ya jibu tunalolipokea tukipiga simu: "Mbona kwangu inafungua sawa?" Kwako lazima ifungue sawa, ndivyo ilivyopangwa. Kagueni hivi. Andikeni kwenye Google site:jinalenu.go.ke, acheni nafasi, kisha neno casino, halafu betting, slot, loan, viagra. Rudieni kwa herufi za Kijapani, maana kuna aina maarufu ya uvamizi inayojaza maduka bandia kwa Kijapani. Kikitokea chochote, nendeni kwenye ukaguzi wa anwani ndani ya Search Console, jaribuni ukurasa wa mbele, na someni msimbo ulioonwa na Google, si picha tu. Fundi anaweza pia kuita ukurasa kwa curl, programu ya amri ya kuvuta kurasa, akijitambulisha kama Googlebot, roboti ya Google, lakini wavamizi wajanja hukagua pia anwani ya IP, kwa hiyo kipimo cha curl kikitoka safi si ushahidi. Search Console ndiyo kipimo.

Kusafisha kuna mpangilio, na ukivurugwa mvamizi anarudi usiku huo. Kwanza nakili kila kitu kilivyo: mafaili, hifadhidata, kumbukumbu za seva. Ukifuta kwanza hutajua aliingilia wapi. Kisha weka tovuti kwenye matengenezo ikijibu 503 (haipatikani kwa sasa), si 404 (haipo), ili kurasa zenu halali zisifutwe kwenye matokeo. Badilisha maneno yote ya siri: ya hosti, ya SFTP ya kuhamishia mafaili, ya hifadhidata, ya kila msimamizi, na funguo za ndani ya faili la mipangilio la wp-config ili walioingia watolewe nje. Futa wasimamizi msiowajua. Pakua WordPress upya kutoka kwa wenyewe na uilinganishe kwa amri ya wp core verify-checksums. Plagini na mandhari zifutwe zote na kuwekwa upya, zisirekebishwe. Tafuta faili lolote la PHP ndani ya wp-content/uploads, mahali ambapo panapaswa kuwa na picha na PDF tu, kisha uzuie seva isiendeshe PHP ndani ya folda hiyo. Fungua mafaili ya .htaccess, yenye amri za seva, ya folda kuu na ya folda ndogo. Angalia kazi za ratiba za seva, kwa sababu mara nyingi kuna moja inayoandika upya faili lililofutwa kila baada ya dakika chache, na fundi hudhani ana wazimu.

Halafu jambo linalosahauliwa karibu kila mara. Mvamizi hujisajili mwenyewe kama mmiliki wa tovuti yenu ndani ya Search Console, kwa kupanda faili dogo la HTML linaloanza na neno google, ili apeleke ramani yake ya kurasa. Kumfuta kwenye orodha ya wamiliki bila kufuta faili hilo ni kazi bure: atajithibitisha tena. Futa faili, ondoa mmiliki, ondoa ramani.

Kurasa za chambo zilizobaki kwenye matokeo zijibu 410 (imeondolewa kabisa) au 404, zote zinafaa. Msizielekeze kwenye ukurasa wa mbele, maana Google huhesabu hiyo kuwa kosa lililofichwa na kuchelewa kuzitoa. Na tunawasihi, msizizuie kwa robots.txt, faili linaloiambia roboti mahali pa kutoingia. Hili ni kosa tunaloliona kwa mafundi wazuri kabisa: ukiizuia roboti isiingie, haiwezi kuona kwamba kurasa hazipo tena, na anwani zinaendelea kuning'inia kwenye matokeo. Chombo cha kuomba kuondolewa kinafanya kazi haraka, lakini hudumu miezi sita hivi tu, kwa hiyo ni plasta. Mwisho, kama kuna taarifa kwenye ripoti ya usalama au adhabu iliyotolewa na binadamu, ombeni ukaguzi upya mkieleza palipoingiliwa na kilichofanywa. "Tumesafisha" peke yake hairidhishi.

Kisheria, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 40, inamtaka anayeendesha mfumo aripoti uvamizi ndani ya saa 24 kwa kamati ya kitaifa ya uratibu wa masuala ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, NC4. Ikiwa fomu yenu ilikuwa inakusanya nambari za vitambulisho, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa Kamishna wa Data haki ya kuarifiwa ndani ya saa 72 pale penye hatari ya kweli kwa wenye data. Dhidi ya wanaoiga jina lenu kuna kifungu cha 28 cha ile sheria ya 2018, chenye faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Kama jina linaishia .ke, malalamiko yapelekwe KENIC, wasimamizi wa majina ya .ke. Kama ni jina la nje, kwa msajili wake na kwa kampuni ya seva, mkiambatisha picha zenye tarehe. Taarifa kwa KE-CIRT, kitengo cha kushughulikia matukio ya mtandao cha Mamlaka ya Mawasiliano, na fomu ya Google ya kuripoti taka huchukua dakika kumi. Malalamiko ya ofisi yenye muhuri husikilizwa haraka kuliko ya mwenye saiba, tunajua kwa sababu ya mwenye saiba hayajibiwi.

Maofisa wa ununuzi, tumewafikia. Zabuni inaposema mkandarasi "aongeze trafiki" au "atengeneze kurasa 300 za SEO" (za kupandisha tovuti kwenye matokeo), mmeagiza chambo kwa pesa ya umma. Hakuna njia nyingine ya kutimiza idadi hiyo. Anayeahidi nafasi ya kwanza Google anauza kitu kisicho mikononi mwake; Google yenyewe inasema hakuna awezaye kuihakikisha. Lipeni kwa maswali yaliyojibiwa na kwa kasi ya ukurasa kwenye simu ya bei nafuu. Domeni isajiliwe kwa jina la ofisi na barua pepe ya cheo, si ya kijana wa mkandarasi. Search Console iwe ya ofisi, mkandarasi apewe ruhusa inayoondoleka. Kumbukumbu za seva zitunzwe siku 90 angalau. Msikubali pia ombi la "kushirikiana" linaloweka folda ya ubashiri wa mechi au ya kuponi ndani ya tovuti ya chuo au ya redio ya umma. Hiyo ndiyo ile kanuni ya kukodisha sifa, na adhabu inaweza kuwaangukia ninyi.

Kandarasi iwe pia na kifungu cha kuhama. Kila anapoingia mkandarasi mpya, tovuti hujengwa upya na anwani zote hubadilika. Ukurasa wa leseni ulioelekezewa na watu kwa miaka minane unakuwa 404 usiku mmoja, na chambo kilichokuwa nafasi ya pili kinapanda bila jasho. Kabla ya kuzima tovuti ya zamani, toeni kwenye Search Console orodha ya kurasa zake zenye mibonyezo. Itawapa hadi 1,000. Kila moja ipewe mahali pake papya kwa uelekezo wa kudumu, 301, ukurasa kwa ukurasa, si zote kwenye ukurasa wa mbele. Uelekezo huo ukae mwaka mmoja kwa uchache. Kwa ofisi ya umma tungesema usiondolewe kamwe, kwa sababu anwani hizo zimechapwa kwenye fomu zilizobandikwa ukutani mwa kila saiba kuanzia Mwembe Tayari hadi Mtongwe.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tunaomba kufikia siku hiyo kurasa ishirini za kwanza ziwe hewani kwa Kiswahili, rekodi za DNS ziwe zimepitiwa, na kila ofisi iwe na mtu mmoja mwenye jina na simu anayepokea taarifa za kurasa chambo. Ada zikibadilika, jedwali libadilishwe siku ile ile zinapoanza kutumika, kwenye anwani ile ile, na tarehe iandikwe juu yake.

Wenu,
Mafundi wa tovuti na wenye saiba, Mombasa